Msiba wa Kuigiza

Wahenga wetu wa pwani walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Mtu asimamaye ufukoni akatazama jahazi likipasua maji hamfikirii fundi aliyechonga mataruma yake, wala yule aliyetia kalafati kati ya ubao na ubao ili maji yasipenye. Ndivyo ilivyo filamu. Mtazamaji huketi, akacheka na akalia, na hadithi ikimalizika huinuka akaenda zake. Jinsi hadithi ile ilivyoundwa, na zahama iliyowapata waundaji wake, hana habari nayo. Katika makala haya nakusudia kumchukua msomaji hadi nyuma ya kamera, nimweleze niliyoyaona kwa macho yangu katika viunga vya Dar es Salaam, na hasa siku moja ya mwaka 2011 huko Mbagala, ambayo ilinifunza juu ya utamaduni wetu jambo ambalo sikulipata katika majalada ya ofisi.

Nianze na utoto wangu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, Temeke, na mara moja moja gari la sinema la serikali lilikuja katika uwanja wetu wa mpira. Kitambaa cheupe kilitundikwa, watu wazima wakaketi mbele yake, nasi watoto tuliokosa nafasi tukaketi upande wa nyuma. Huko nyuma picha zilionekana vilevile, isipokuwa maandishi yalikuwa kinyumenyume na kila mtu alikula kwa mkono wa kushoto. Usiku mmoja mkanda ulikatika katikati ya mchezo. Giza likaingia, makelele yakapanda. Tukakimbilia kwenye mtambo, tukamwona fundi akiunganisha ncha mbili za mkanda kwa gundi, huku mzee mmoja wa mtaa akimmulikia kurunzi na mwingine akituzuia tusimsonge. Kisha picha zikarudi, watu wakapiga makofi. Wengi walimpigia makofi mwigizaji. Mimi nilimwangalia yule mzee mwenye kurunzi, ambaye hakuwa mtumishi wa sinema wala hakulipwa senti.

Historia ya filamu nchini mwetu imejaa matatizo ya namna hiyo na watu wa kuyatatua. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, lilianzishwa jaribio la kutengeneza sinema za elimu kwa Waafrika, likiongozwa na Meja L. A. Notcutt. Hadi lilipofungwa mwaka 1937 zilikuwa zimetengenezwa filamu 35 hivi. Picha zilikuwa katika mkanda, na sauti katika santuri, ili maelezo yabadilishwe kufuata lugha ya watazamaji. Kwa hiyo fundi alipaswa kuhakikisha kwamba santuri na picha vinakwenda sambamba, vinginevyo maneno yangemtangulia msemaji wake au kumfuata nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wetu, aliigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu. Baada ya uhuru, mwaka 1968, ikaundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, na mwaka 1974 ikaanzishwa taasisi iliyoitwa Audio Visual Institute. Mwaka 1985 ilitoka Arusi ya Mariamu, kazi ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, iliyohusu imani ya watu juu ya tiba ya jadi. Hata hivyo mkanda wa filamu ulikuwa ghali, ulihitaji fedha za kigeni, na filamu za hadithi tulizozitengeneza wenyewe zilibaki chache mno.

Mambo yalibadilika ilipokuja kamera ya video. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, na vikundi vya maigizo vikapata jukwaa jipya. Mwaka 2003 ilitoka filamu ya Girlfriend, iliyoongozwa na George Tyson, na watu wengi huihesabu kuwa mlango wa filamu tunazoziita za Kibongo. Baada ya hapo Kinondoni, Sinza, Mwananyamala na Temeke zikawa kama karakana moja kubwa. Hapakuwa na majumba ya kupigia picha. Karakana ilikuwa sebule ya jirani, uani kwa shangazi, duka la mtu au kituo cha daladala. Filamu moja ilipigwa kwa wiki mbili, pengine kwa siku chache kuliko hizo, ikagawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, kisha ikapelekwa Kariakoo kwa wasambazaji.

Mwalimu anayefundisha tamthilia angeshangaa kuuona mswada wa kazi hizo. Mara nyingi haukuwa mswada wa maneno, ulikuwa orodha ya maonyesho katika daftari la shule: "Mama anamkuta binti analia. Wanagombana. Baba anaingia." Maneno yenyewe waigizaji waliyatunga papo hapo. Wako waliodharau utaratibu huo, nami nilikuwa mmoja wao, kwa sababu nilikuwa mtunzi wa mashairi na nilizoea kuhesabu mizani. Lakini nilipokaa nao niliona kwamba kutunga papo hapo si kazi ya wavivu. Mwigizaji alipaswa kukumbuka alichosema jana, kwa maana onyesho la jana na la leo huenda yakapakana katika hadithi. Ikiwa jana alivaa kanga ya rangi fulani akiingia mlangoni, leo hana budi kuwa nayo akitokea upande wa pili. Mtazamaji wetu husoma jina la kanga kabla hajasoma uso wa aliyeivaa, kwa hiyo kosa hilo halifichiki.

Juu ya hayo yalikuwapo makelele. Viunga vya Dar es Salaam havinyamazi. Muuza kahawa hugonga vikombe vyake, fundi wa vyuma hukata bati, jogoo huwika saa nane mchana, redio ya baa huimba tangu asubuhi, na watoto wakiona kamera hujaa dirishani kama nzige. Kadhalika mwaka 2011 ulikuwa mwaka wa mgawo mkali wa umeme. Kikundi kilichokuwa na taa tatu kilihitaji jenereta, na jenereta ilinguruma ikaingia katika maikrofoni. Nikaona vijana wakilifukia tatizo kwa akili: jenereta iliwekwa nyuma ya nyumba ya tatu, ikakingwa kwa magunia ya mchanga, waya mrefu ukaungwa kwa vipande vinne na kila kiungo kikavishwa mfuko wa plastiki. Mwanga wa jua ulirudishwa usoni mwa mwigizaji kwa ubao uliobandikwa karatasi zing'aazo. Mwigizaji alipokosekana, mpishi alivishwa koti akawa askari.

Sasa nifike Mbagala. Wakati huo nilikuwa nikitumikia ofisi moja ya utamaduni jijini. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 ilikuwa imeweka utaratibu wa vibali na ukaguzi, na miongoni mwa kazi zangu ilikuwa kuvipatia vikundi barua za utambulisho. Barua ilimwagiza mwenye kikundi aende kwanza kwa uongozi wa mtaa. Nilijua fika kwamba wengi hawakwenda. Hata hivyo nilitia saini, nikagonga muhuri, nikavuta jalada jingine.

Kijana mmoja mwongozaji alipokuja kuchukua barua yake aliniambia, "Shikamoo, Mzee. Mashairi yako tunayasoma gazetini." Sifa humvimbisha kichwa hata mtu mzima. Akaniomba beti chache za maombolezo, zisomwe mbele ya jeneza katika onyesho la msiba. Nilikesha siku mbili, nikampa beti saba za tarbia zenye vina vya kati na vya mwisho. Baada ya wiki tatu akanipigia simu kwamba Jumamosi wanapiga onyesho lile. Nikavaa kanzu na kofia, nikapanda daladala ya Barabara ya Kilwa. Sina budi kukiri kwamba sikwenda kama afisa. Nilikwenda kusikia mashairi yangu yakisomwa.

Nilifika saa tatu asubuhi, nikakuta mambo yameharibika. Mwigizaji wa kuwa marehemu hajafika. Alikuwa Sinza akiigiza katika filamu nyingine. Wakamchukua dereva wa gari walilokodi, wakamlaza na kumfunika shuka gubigubi, kwa hoja kwamba maiti aliyefunikwa hana sura. Kisha ikagundulika kwamba kanga ya mfiwa, ambayo alikwisha kupigwa picha nayo siku nne nyuma, imesahauliwa. Kijana mmoja akatumwa mtaani, akarudi mbio na kanga ya rangi ileile na jina lilelile. Wote tukamsifu. Baadaye ndipo tulipofahamu kwamba alipokwenda kuazima alisema tu, "Mfiwa hana kanga." Hakusema mfiwa yupi.

Turubai likafungwa, majamvi yakatandikwa, meza ikawekwa yenye daftari la rambirambi na kijana wa kuandika. Wanawake kama kumi na wawili wa kikundi, waliovaa nguo nyeusi na miwani ya jua, wakaketi kuzunguka jeneza. Mwongozaji akainua mkono, wakaanza kulia. Nakiri walilia vizuri. Walilia hata mimi nikasisimkwa.

Msomaji anayeishi uswahilini amekwisha kuelewa kosa letu. Katika mitaa yetu kilio ni mwito. Haikupita robo saa watu wakaanza kufika. Kwanza walikuja wanawake wawili, wamejifunga kanga kiunoni, mikono bado ina unga. Kisha wanaume wakavua viatu, wakaketi upande wao kimya. Mwongozaji, aliyesimama na kamera mbali kidogo, hakusimamisha kazi. "Acheni! Acheni, inakuja yenyewe!" alinong'ona kwa furaha. Watu wakapanga mstari mbele ya meza, na yule kijana, kwa kuwa kamera ilikuwa ikimtazama, akaendelea kupokea fedha na kuandika majina.

Katika mstari ule alikuwamo bibi mmoja mzee, ameshika sahani ya unga iliyofunikwa kawa. Akaiweka chini, akafungua pindo la kanga yake kwa meno, akatoa noti ya shilingi elfu moja, akaitoa kwa mikono miwili. Alipokwisha kuandikwa akanijia mimi, pengine kwa sababu ya kanzu na mvi zangu.

"Poleni sana, baba. Marehemu ni nani? Mimi nakaa nyumba ya nne kutoka hapa, wala sikusikia kama kuna mgonjwa."

Nimeulizwa maswali mengi na wakubwa wangu wa kazi, lakini hakuna lililonikausha ulimi kama lile. Nilikuwa bado natafuta neno wakati dereva wetu, aliyekuwa akiokwa na joto chini ya shuka, alipoifunua, akaketi, akaomba maji.

Yaliyofuata siwezi kuyaeleza kwa utaratibu, kwa kuwa hayakuwa na utaratibu. Watoto walikimbia, wanawake wakaangukiana, sahani ya unga ikapinduliwa. Wenyeji walipotambua kwamba ni mchezo, baadhi ya vijana wa kikundi wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichowasha moto. Mtu mmoja akaushika mguu wa kamera. Mwingine akaukata waya wa jenereta. Mama aliyeazimisha kanga akamvua mwigizaji pale pale, akisema, "Mnatuchuria! Kifo si cha kuitwa!" Kwa imani ya watu wetu, kulia msiba usiokuwapo ni uchuro, ni kuuonyesha msiba njia ya nyumbani.

Akaja mjumbe wa nyumba kumi, mzee mtulivu mwenye fimbo. Akauliza, "Nani mwenye shughuli?" Mwongozaji, akitetemeka, akatoa mkobani barua yangu, imekunjwa mara nne, haijapata kuonyeshwa kwa mtu. Mzee akaisoma hadi mwisho.

"Aliyetia saini hapa yuko wapi?"

"Ni mimi, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umefika lini kwetu?"

"Nimefika leo."

"Barua ina wiki tatu," akasema, akaikunja, akanirudishia.

Hakuniambia neno jingine juu ya hilo, wala halikuhitajika. Akamgeukia mwongozaji akamwuliza kama katika mchezo wao mna mlio wa bunduki. Kijana akajibu kwamba jioni walikusudia kulipua fataki, kwa ajili ya onyesho la majambazi. Mzee akatikisa kichwa. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la mabomu la jeshi lililipuka Mbagala. Watu zaidi ya 20 wakafa na nyumba nyingi zikabomoka. "Mtoto wa hapa akisikia mlio huo hukimbia asijue aendako," akasema. "Onyesho hilo kwetu halipo." Nikatambua kwamba mji ule ulikuwa umekwisha kulia kilio cha kweli, nasi tulikuja kukizindua bila hodi.

Tukaketi chini ya turubai lile lile la kuigizia, nalo likawa baraza. Mwongozaji akataka kutoa fedha za kuwapoza watu. Mjumbe akasema, "Fedha baadaye. Kwanza daftari." Basi lile daftari la mchezo likafanya kazi ya kweli. Majina kumi na tisa yalisomwa moja moja, na kila mtu akarudishiwa chake mkononi, na mwongozaji akamwomba radhi kila mmoja kwa jina lake. Halafu mwalimu wa madrasa akaombwa, akasoma Fatiha na dua kwa ajili ya marehemu wote wa mtaa ule, na wengine wakawataja kwa sauti ya chini jamaa zao waliowazika. Kisha chungu cha wali na maharage kilichopikwa kwa ajili ya kikundi kikapakuliwa kwa wote, kwa sinia moja moja, waigizaji na wenyeji wakichanganyika.

Lilipofika jina la bibi yule, alikataa kuichukua noti yake. "Nilikwisha kunuia," akasema. "Nilipofiwa mimi walikuja hata nisiowajua. Mpelekeeni mfiwa wa kweli." Mama mmoja akakumbuka kwamba mtaa wa pili mlikuwa na nyumba iliyozika juzi. Noti ikapelekwa huko, na vijana wa kikundi wakaongeza juu yake bila ya kuambiwa.

Nilidhani kazi imekwisha na kwamba tutafungasha. Lakini mama wa kanga, hasira zikiwa zimempungua, aliuliza, "Na huo msiba wenu, mlijifunza wapi? Hapa nani anavaa nguo nyeusi? Na hiyo miwani ni ya nini?" Watu wakacheka, na safari hii kicheko hakikumwumiza mtu. Mwongozaji akakiri kwamba aliupanga kama alivyouona katika filamu za nje. Basi wanawake wa Mbagala wakamfundisha. Mfiwa huketi ndani, juu ya mkeka, miguu ameinyosha, amezungukwa na wenziwe. Hasimami kwenye jeneza mbele ya wanaume. Meza ya rambirambi huwa upande wa wanaume; wanawake wana mchango wao na mtu wao wa kuupokea. Wapo wanaolia, lakini wengi zaidi wanafanya kazi: wanateka maji, wanachambua mchele, wanatafuta masufuria ya kuazima. "Msiba ni kazi," alisema mama yule. Kauli ile ingefaa kuandikwa juu ya mlango wa kila chuo cha maigizo.

Kwa idhini ya mjumbe onyesho likapigwa upya alasiri. Vijana wawili wakawekwa kila upande wa njia kumwambia kila apitaye kwamba ni mchezo. Wenyeji waliotaka waliingia wakijua wanachokifanya, na asiyetaka hakulazimishwa. Kanga ikaazimwa kwa mara ya pili, safari hii kwa maneno yaliyonyooka. Mtu alitumwa baa akaomba redio ipunguzwe, akakubaliwa mara moja, kwa kuwa aliyetumwa alikuwa mtoto wa mtaa. Waya wa jenereta ukaungwa na yule yule aliyeukata.

Yalibaki mashairi yangu. Mwigizaji mzee alipoanza kuyasoma mbele ya jeneza, bibi wa nyumba ya nne aliinua mkono, akasema kwa upole, "Ni mazuri, mwanangu. Lakini maiti hasubirishwi kwa mashairi. Msome arobaini." Mwongozaji akanitazama. Nikasema yafutwe. Sitasema kwamba sikuona uchungu. Nilirudi nyumbani na beti zangu saba mfukoni, na usiku ule zilinionekea kama shughuli ya mtu asiyepata kubeba jeneza. Filamu ilipotoka, onyesho zima la msiba halikuzidi dakika nne. Wengi walisema ndilo pekee lililowatoa machozi, na mwongozaji akasifiwa kwa ufundi wa hali ya juu.

Tangu siku ile sikutia saini barua ya namna hiyo kabla sijakwenda kwenye mtaa wenyewe na kumwona mjumbe au mwenyekiti wake. Majalada yalirundikana mezani pangu, nikaulizwa sababu, na nauli nyingi zilitoka mfukoni mwangu. Sikujuta.

Mwezi wa Aprili mwaka 2012, wakati Mbagala bado iko moyoni mwangu, alifariki mwigizaji Steven Kanumba, akiwa na umri wa miaka 28. Tarehe 10 Aprili aliagwa katika viwanja vya Leaders, Kinondoni, akazikwa katika makaburi ya Kinondoni. Nilikuwamo katika umati ule. Walikuwapo maelfu kwa maelfu, na wengi wao hawakupata kumpa mkono marehemu wala kufika kwake. Kando yangu walisimama wanawake waliojifunga kanga, wametoka mbali kwa miguu, na nilimsikia mmoja akisema kwamba amekuja kuzika mtoto wa watu. Nikakumbuka maneno ya bibi wa nyumba ya nne. Niliona kwamba watu wetu hawazikani kwa sababu ya kujuana tu. Wanaitika kilio, na kwa kuwa wanaitika, aliaye kwa mchezo huwa amechukua amana ya watu.

Leo vijana wetu wana vyombo ambavyo fundi wa Vugiri hakuviota. Simu ya mkononi ni kamera, na filamu ya Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Mwalimu anaweza kuwaagiza wanafunzi wa kidato cha pili watengeneze mchezo wa dakika kumi, na wiki ijayo ukawa tayari. Ningependa awaagize, maana katika kazi hiyo watajifunza kugawana majukumu, kutunza kumbukumbu ya kila onyesho, na kutafuta ufumbuzi pale umeme ukatikapo na mwenzao asipofika. Lakini kabla ya kuwapa kamera awatume kwanza mtaani, wapige hodi na waseme wanataka kuigiza nini. Kisha wakae wawasikilize wenyeji, kwa kuwa huenda wakaambiwa kwamba mswada wao una makosa, na huenda wakapewa kanga ya kuazima.

Kanga ile, kwa taarifa ya msomaji, ilirudishwa. Mwongozaji aliifua, akaipiga pasi, akaipeleka mwenyewe hadi mlangoni kwa mama yule. Aliniambia kwamba alikaribishwa chai.